Mashine Moja, Vioo Viwili

Kwenye kaunta ya duka moja Kariakoo, laptop mbili zimefunguliwa bega kwa bega. Zote ni ThinkPad T480, mtumba wa Ulaya, na karatasi zilizobandikwa juu yake zinafanana hadi mwandiko: i5, RAM 8, SSD 256, FHD. Bei moja. Ya kushoto nyeupe yake ni nyeupe kweli. Ya kulia nyeupe imeelekea umanjano, nyekundu imefifia hadi inakaribia rangi ya chungwa, na ukipandisha mwanga mpaka mwisho bado unatamani kuongeza.

"Kaka, hii ya kulia mmeibadilisha kioo," mteja anasema.

"Bosi, hatujagusa kitu. Mzigo umekuja hivi hivi."

Mteja hakuridhika, na muuzaji akaona anaitwa mwongo. Wiki kadhaa sasa mabishano yale hayanitoki kichwani, kwa sababu yanajirudia kila mahali mashine zinapouzwa kwa jina la modeli. Mtu anasoma sifa za T480 mtandaoni, anaona picha safi kwenye video, analipa, anafika nyumbani na kioo ambacho hakifanani na alichokiona. Anahisi amepigwa.

Je, amepigwa?

## Kwanza ondoa chaja kwenye lawama

Kabla ya kusema kioo ni kibaya, hakikisha unalinganisha kioo na kioo. Mashine nyingi hubadilisha picha zenyewe bila kuuliza. Grafiki za Intel zina kitu kinaitwa "Display Power Saving Technology": ukichomoa chaja, taa ya nyuma ya kioo inapunguzwa na rangi zinavutwa ili kuficha upungufu huo. Kurasa nyeupe zinabaki hivyo hivyo, lakini ukifungua dirisha jeusi mwanga unapanda na kushuka kama vile kioo kina ugonjwa. Kwa AMD mpangilio huo unaitwa Vari-Bright. Windows 11 nayo ina wake ndani ya sehemu ya Display, chini ya Brightness, unaobadili mwanga kufuatana na kilichopo kwenye skrini. Ongeza "Night light", ambayo mtu aliiwasha akaisahau, na tayari una kioo cha manjano ambacho hakina kosa lolote.

Kwa hiyo chomeka chaja kwenye mashine zote mbili, zima mipangilio hiyo yote, weka mwanga asilimia 100, fungua picha ileile. Ugomvi mwingi wa dukani unaishia hapo.

Wa Kariakoo haukuishia hapo. Ya kulia ilibaki vilevile.

## Namba zinazosema kweli

Kila kioo cha laptop kina kumbukumbu ndogo ndani yake inayojitambulisha kwa mashine. Inaitwa EDID, na sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu: kiwanda, namba ya bidhaa, wiki na mwaka wa kutengenezwa, ukubwa, na mara nyingi jina kamili la kioo. Huhitaji bisibisi kuisoma. Kwenye Windows fungua PowerShell, dirisha la kuandika amri, uandike:

Get-CimInstance -Namespace root\wmi -ClassName WmiMonitorID

Itakuletea mistari michache. ManufacturerName hutokea kama namba, na kila namba ni herufi. 65 85 79 ni AUO, yaani AU Optronics wa Taiwan. 67 77 78 ni CMN, ambayo ni Innolux. 66 79 69 ni BOE wa China, na 76 71 68 ni LGD, LG Display wa Korea Kusini. Chini yake utaona WeekOfManufacture na YearOfManufacture. Kwenye Linux, programu ya edid-decode ikielekezwa kwenye faili la /sys/class/drm/card0-eDP-1/edid inatoa hayo yote kwa maneno. Wakati mwingine ni card1 badala ya card0.

Mwaka ndio unaofumbua mambo. T480 ni mashine ya 2018. Kioo kinachojitaja kuwa cha 2018 huenda kilitoka na mashine yake kiwandani. Kioo cha 2020 au 2021 ndani ya mashine ya 2018 kimeingia baadaye, mtu apende asipende kukiri.

Amri ikaandikwa kwenye mashine ya kulia, ile ya manjano. AUO, 2018.

Ikaandikwa kwenye ya kushoto, ile nzuri. CMN, 2020.

Kilichobadilishwa ni kioo kizuri. Kile kibaya ndicho cha kiwandani.

## Neno "original" linauza nini

Hapo ndipo hesabu yangu nzima ya "original" ilipoanza kuyumba. Sokoni neno hilo linabeba mzigo wa ubora: kioo original ni kioo kizuri, cha kubadilishwa ni cha wasiwasi. Lakini kampuni inayotengeneza laptop haitengenezi vioo. Inavinunua kwa AUO, Innolux, BOE, LG Display, Sharp, Samsung Display na wengine, na kwa modeli moja inayouzwa kwa wingi hununua kwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Sababu zake hazina siri: kiwanda kimoja kikikwama, uzalishaji usisimame, na wauzaji wakiwa wengi bei inashuka.

Sasa angalia karatasi ya sifa inaahidi nini. Kwa T480 chaguo ni chache: HD ya 1366 × 768 ya aina ya TN (ambayo rangi zake hugeuka ukiitazama kwa pembeni), FHD ya 1920 × 1080 ya IPS (yenye pembe pana, rangi hazigeuki) yenye niti 250, niti zikiwa kipimo cha mwanga, FHD kama hiyo ya kugusa, na WQHD ya 2560 × 1440 ya IPS yenye niti 300. Basi. Mstari wa FHD hausemi kioo cha nani. Kioo chochote kinachotimiza maneno yale kinaingia kwenye boksi, na vyote ni original. Kimoja kinaweza kuwa na nyeupe iliyonyooka, kingine nyeupe ya manjano, kingine maandishi yanayoacha kivuli ukisogeza ukurasa. Ni kama kununua mchele kwa jina la Kyela bila kufungua gunia.

Rangi ndiyo inayoumiza watu kimyakimya. Vioo vingi vya ofisini vya kipindi hicho vinafunika asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha zamani cha upana wa rangi), kiasi ambacho ni theluthi mbili hivi ya rangi za sRGB, na sRGB ndiyo rangi ambayo picha za mtandaoni na za simu zimetengenezwa kuonekana nayo. Kwa barua pepe na Excel hutaona tofauti. Kwa anayepiga picha za vitenge na kuziuza mtandaoni, au anayechora kadi za harusi na kupeleka kuchapwa, ni balaa: anaongeza wekundu mpaka kioo chake kiridhike, na kadi inarudi kutoka kwa mchapishaji ikiwa imeiva kupita kiasi. Mchapishaji ndiye anayelaumiwa.

Kile kioo kizuri cha kushoto kilikuwa Innolux N140HCG-GQ2, ambacho watu wengi wenye T480 hukitafuta kwa makusudi kwa kubadilishia: niti 400, rangi karibu zote za sRGB, na kinakula umeme kidogo. Aliyekuwa na mashine ile kabla haijafika Dar alikuwa anajua anachofanya.

Sijaandika haya ili AUO ionekane kiwanda kibovu. Kila kiwanda nilichokitaja kina vioo vya kusifiwa na vioo vya kuvumiliwa, na jina la kiwanda peke yake halikusaidii sana. Kinachosaidia ni namba kamili.

## Herufi moja

Mgongoni mwa kioo pana stika yenye namba hiyo, na mara nyingi EDID inaitaja pia. Ukijifunza kuisoma, hutauziwa TN kwa jina la IPS.

Chukua AUO ya inchi 15.6. B156XTN ni 1366 × 768 ya TN. B156HTN ni 1920 × 1080, lakini bado TN. B156HAN ni 1920 × 1080 yenye pembe pana, yaani ile ambayo dukani wote wanaiita IPS. Tazama vizuri: kati ya HTN na HAN kuna herufi moja tu, T na A, na hiyo herufi ndiyo inayoamua kama jirani yako kwenye basi ataona picha au kivuli.

Kwa Innolux, N156HGA ni FHD ya TN na N156HCA ni FHD ya IPS. Hapo G na C ndizo zinazoamua. BOE wanaweka wazi zaidi mwanzoni: NT ni TN, NV ni pembe pana, kwa hiyo NT156FHM na NV156FHM ni vioo viwili tofauti kabisa ingawa vyote ni FHD. LG wanaandika LP156WH kwa HD na LP156WF kwa FHD, lakini herufi hizo hazikuambii kama ni TN au IPS, ni lazima utafute namba nzima.

Kwa hiyo tangazo la "FHD" lisikulaze. FHD ni idadi ya nukta. Haisemi chochote kuhusu rangi, pembe wala mwanga.

## Haya hayakuanzia kwenye mtumba

Kuna anayedhani mambo haya ni ya mashine za bei ya chini au zilizopita mikono mingi. Mwaka 2012 Apple walitoa MacBook Pro yenye kioo cha Retina, mashine ya bei kali, na kioo chake kilitoka kwa LG na kwa Samsung. Baada ya muda wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba baadhi ya vioo vinabakiza kivuli cha kilichokuwepo: unafunga dirisha, mistari yake bado inaonekana kwenye rangi ya kijivu. Malalamiko yakaelekezwa kwenye vioo vya LG. Watu wakawa wanafungua Terminal, dirisha la amri la Mac, wanasoma EDID, wanatafuta kama jina linaanza na LP, ambayo ni LG, au LSN, ambayo ni Samsung. Kipimo kikawa kuacha picha ya miraba myeusi na myeupe kwa dakika kadhaa, kisha kufungua kijivu tupu na kutazama kama miraba imebaki.

Mwaka 2013 jambo hilo likafikishwa mahakamani California. Hoja ya walalamikaji ilikuwa ileile ya mteja wa Kariakoo: mashine zinauzwa kama kitu kimoja kumbe si kitu kimoja.

Hapa ninajikuta katikati. Mtengenezaji ana haki ya kununua vioo kwa watu wawili. Lakini kama tofauti inaonekana kwa macho, mnunuzi naye ana haki ya kujua anapewa kipi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na pia haki ya taarifa zinazohitajika ili afaidi kikamilifu anachokinunua. Sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito kwangu. Kioo cha niti 250 hakina kosa la ubora, kinawaka na kinatimiza karatasi yake. Kilichokosekana ni taarifa.

## Ukiwa kwenye kaunta

Weka picha nne kwenye simu au flashi: nyeupe tupu, nyeusi tupu, kijivu cha nusu kwa nusu, na picha moja ya rangi unayoifahamu vizuri, yenye ngozi ya mtu na kitambaa chekundu.

Anza na nyeusi, mwanga ukiwa juu, na uombe mashine isogezwe mahali penye kivuli. Utaona weupe kwenye kona. Usiogope mapema. Sogeza kichwa kushoto na kulia: weupe unaohama na wewe ni mng'ao wa kawaida wa IPS. Unaobaki palepale ni mwanga unaovuja ukingoni, na mara nyingi fremu inabana kioo au kifuniko kimewahi kukandamizwa ndani ya begi.

Kijivu ndicho kinachotoa siri nyingi kuliko zote. Madoa meupe ya duara, kama alama za vidole kutoka ndani, ni mgandamizo uliofika kwenye tabaka za kusambaza mwanga. Hayaondoki kwa kufutwa wala kwa dawa. Kwenye nyeupe, tazama ukingo wa chini ambako taa zinakaa: ukiona vivuli vinavyopishana na mwanga kama meno ya kitana, taa mojawapo imechoka au karatasi ya ndani imehama.

Kisha shusha mwanga hadi robo, fungua kamera ya simu kwenye hali ya kitaalamu, weka kasi ya 1/1000 na uelekeze kwenye kioo cheupe. Mistari mizito myeusi inayotembea maana yake taa inawaka na kuzima haraka ili kuonekana hafifu. Wengine hawajali. Wengine wanaumwa kichwa baada ya saa mbili na hawajui kwa nini. Kama wewe ni wa kundi la pili, achana na mashine hiyo hata kama rangi zake ni nzuri.

Mwisho shuka kidogo, utazame kioo kutoka chini. Rangi zikigeuka kama negativu ya picha, hiyo ni TN, karatasi iseme inavyosema.

Na zile nukta zilizokufa? Hapa wateja wengi wanadai wasichoweza kupewa. Kiwango cha zamani cha ISO 13406-2 cha 2001, ambacho ISO 9241-307 ya 2008 ilikirithi pamoja na mtindo wake wa madaraja, kwa daraja la II kiliruhusu kwa kila pikseli (yaani nukta) milioni 1 nukta 2 zinazowaka daima na 2 zisizowaka kabisa, achilia mbali kasoro za vinukta vya rangi vilivyo ndani ya nukta. FHD ina pikseli 2,073,600. Piga hesabu: nukta 4 za kuwaka na 4 za giza, na kioo bado kinahesabika kizima. Kama nukta moja itakukera, kataa kabla hujalipa.

Ukiridhika, omba mstari mmoja uongezwe kwenye risiti: modeli, namba ya kioo, mwaka wake, na siku ambazo unaweza kuirudisha. Wauzaji wa mtumba watakuambia hawawezi kufungua kila mashine ya mzigo. Hawahitaji kufungua. Amri ile ya PowerShell inakamilika kabla chai haijapoa, na mashine yenye kioo cha niti 400 wangeiuza bei ya juu zaidi kuliko wanavyoiuza leo bila kujua walicho nacho.

## Kama umeshanunua

Kioo kinabadilishika, na kwa T480 si kazi ngumu, ila kuna mahali pa kujikwaa.

La kwanza ni soketi. FHD ya kawaida inatumia kebo ya pini 30. WQHD inatumia pini 40 na kebo yake ni nyingine, hivyo ukinunua kioo cha 2560 × 1440 peke yake kitabaki kwenye boksi. Vya kugusa navyo vina kebo yao. Nunua kwa namba kamili ya kioo. "Kioo cha T480" si namba. Na kwa mashine nyingine yoyote pima pia upana na uangalie masikio ya skrubu pembeni, kwa sababu vioo vya inchi ileile vipo vyenye masikio na visivyo nayo.

La pili ni umeme, na hapa ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu ubao. T480 ina betri mbili: ya nje unayoichomoa kwa mkono, na ya ndani. Kuchomoa ya nje peke yake hakutoshi. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows), sehemu ya Config kisha Power, chagua "Disable Built-in Battery", mashine izime yenyewe, na usichomeke chaja tena mpaka kebo ya kioo kipya iwe imefungwa. Kwenye soketi moja ya kioo inapita njia ya 3.3 V ya kioo chenyewe na pia njia ya taa yenye volti nyingi zaidi. Kebo ikiingia mshazari huku umeme upo, fyuzi ya taa inaondoka mara moja.

Ng'oa fremu ya plastiki polepole kwa kadi ya plastiki, fungua skrubu, laza kioo kifudifudi juu ya kitambaa kwenye kibodi, bandua utepe, nyanyua kishikizo cha chuma, kisha vuta kebo ikiwa imelala. Usiivute kwa kuinyanyua juu. Kioo kipya kiingie kwa njia hiyohiyo, kebo ikiwa imenyooka kabisa kabla ya kurudisha kishikizo.

Washa kabla hujarudisha fremu. Chomeka chaja kwanza, maana betri ya ndani uliyoizima haiamki bila chaja. Kama mashine inalia na kufanya kazi lakini kioo ni giza, mulika tochi kwa pembeni: ukiona maandishi hafifu, kioo ni kizima na fyuzi ya taa kwenye ubao ndiyo iliyoungua. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye hadubini na mita. Usinunue kioo cha pili.